Turubai halikazi: tafuta kinacholegea kabla ya kuvuta kamba

Malalamiko yanafanana, ya wavuvi walio dago, yaani kambi ya uvuvi, Msimbati na ya wakulima wanaolala shambani Tandahimba wakilinda korosho zao. Turubai jepesi limefungwa vizuri jioni, usiku linaanza kupigapiga, alfajiri limemlalia mtu usoni. Anayeamka hukimbilia kuvuta kamba kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo ringi, zile pete za pembeni zinazopitishiwa kamba, zinapong'oka na turubai jipya linapopata tundu. Turubai huwambwa kwa mwelekeo sahihi wa mvuto na kwa kigingi kisichosogea. Nguvu za mkono huja mwisho, tena kidogo.

Hapa nazungumzia turubai dogo la kulala watu wawili watatu, la mita 3 kwa 3 au 3 kwa 4, liwe la nailoni, la poliesta au lile la bluu la plastiki iliyofumwa. Maturubai makubwa ya harusi na misiba yenye fremu za chuma yana mafundi wake, na ni vyema waachiwe.

Dalili yoyote utakayoikuta, zunguka turubai mara moja kwanza, ukigusa vitu kuanzia chini kwenda juu: kigingi, fundo, kamba, pembe, kitambaa. Kigingi kikitikisika kwa kidole gumba, usipoteze muda na fundo.

Jioni lilikaza, alfajiri limelegea

Mshukiwa wa kwanza ni umande. Nailoni hunywa maji na kurefuka ikilowa, hata ile iliyopakwa silikoni, na pwani yetu kuanzia Kilwa hadi Mikindani haikosi unyevu usiku. Papasa kitambaa. Kama kimelowa na vigingi viko palepale, hakuna kilichoharibika: kaza tena kabla ya kulala, umande ukishaanza kushuka, badala ya kukaza saa kumi jioni na kuondoka. Poliesta hurefuka kidogo mno ikilowa. Plastiki ya bluu hainywi maji, kwa hiyo ikilegea tafuta sababu kwenye kamba au ardhini.

Kwa nailoni, dawa inayodumu ni mpira. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye urefu wa shubiri moja, uufunge kati ya ringi na kamba. Unapokaza jioni, ukanda uvutike hadi karibu mara moja na nusu ya urefu wake. Kitambaa kikirefuka usiku, mpira unajirudi na kuumeza ule ulegevu. Sambamba na mpira weka kipande cha kamba kilicholegea kidogo, cha kupokea mzigo upepo ukivuta kupita kiasi. Watu wengi hukiruka kipande hiki, na mpira ukikatika saa nane usiku pembe nzima inaachia.

Sababu ya pili ni kamba zenyewe. Kamba ya nailoni hurefuka ikibeba mzigo, na hurefuka zaidi ikilowa. Ya poliesta ni tulivu kuliko hiyo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mgongo wa turubai, yaani mstari wake wa juu kabisa. Katani ina tabia ya kinyume. Ikilowa hunenepa na kufupika, ikikauka hurefuka. Ukiikaza kisawasawa juani, mvua ya usiku inaweza kung'oa kigingi au kupasua ringi. Ukiikaza ikiwa imelowa, jua likitoka inaning'inia. Mwenye kamba ya katani ailegeze kidogo mawingu yakianza kukusanyika.

Ya tatu ni fundo linaloteleza. Kamba mpya za plastiki ni laini mno, fundo la kawaida haling'ang'anii. Weka alama ya mkaa kwenye kamba, pale fundo lilipoishia, uitazame asubuhi. Alama ikiwa imehama, ongeza mizunguko: pale ulipozungusha mara mbili zungusha mara tatu, kisha malizia na fundo la kuzuia.

Ikiwa hayo yote yako sawa, piga magoti utazame ardhi nyuma ya kigingi, upande ulio mbali na turubai. Upenyo mwembamba uliopinda, wa upana wa kucha hivi, maana yake kigingi kimekuwa kikitambaa kuelekea turubai usiku kucha. Nenda kwenye sehemu ya vigingi.

Mikunjo inakatisha kitambaa

Hapa pana elimu kubwa kuliko sehemu nyingine zote, na anayejua kuisoma mikunjo hahitaji sana mwongozo huu. Mkunjo hufuata njia ambayo kitambaa kimevutwa mno, na unabaki pale kwa sababu hakuna mvuto wa kuukatisha. Mkunjo ukitoka pembe ya kaskazini kwenda pembe ya kusini, usiziongezee pembe hizo hata kidogo. Shika ukingo ulio ubavuni mwa mkunjo, uvute taratibu kwa mkono kuukatisha. Mkono wako ukifika mahali mkunjo unapopotea, tazama mkono umeelekea wapi. Huko ndiko kamba inakotakiwa kwenda.

Sababu ya kawaida ni vigingi vya pembe kutokaa mraba. Chukua kamba yoyote, pima kutoka kigingi cha pembe moja hadi cha pembe inayotazamana nayo, kisha pima jozi ya pili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya upana wa kiganja, umbo limepinda na hakuna kukaza kutakakolinyoosha. Sogeza kigingi.

Inayofuata ni mwelekeo wa kamba ya pembe. Kamba hiyo inatakiwa kuigawa pembe katikati, itoke nje ikiwa mbali sawa na kingo zote mbili. Ikilalia upande mmoja, ukingo huo unakuwa mgumu kama umepigwa pasi na wa pili unalegea. Halafu kuna mpangilio wa kufunga: anayekaza pembe moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine atapata mikunjo siku zote. Funga mgongo kwanza, kisha pembe zote nne kwa ulegevu, kisha kaza pembe mbili zinazotazamana, kisha mbili zilizobaki. Kamba za katikati ya kingo ndizo za mwisho.

Kwenye ardhi ya mteremko, pembe ya chini ipewe kamba ndefu zaidi, na nguzo zipimwe kwa macho kutoka mbali. Nguzo moja ikizidi mwenzake kwa sentimita kumi, mkunjo wa mshazari utaonekana upande wa nguzo fupi.

Ukishajaribu yote hayo na mkunjo umegoma, likunje turubai katikati juu ya mkeka. Kingo zisipokutana, kitambaa kilikatwa vibaya au kimevutika. Kitambaa cha kufumwa hurefuka zaidi kwenye mshazari kuliko kufuata uzi. Chukua kanga, ivute kufuata uzi, kisha ivute pembe kwa pembe, utaona. Turubai lililofungwa miezi kwa mvuto wa mshazari linaweza kubaki limepinda. Hiyo ni kazi ya fundi wa kushona maturubai.

Mgongo umebonyea katikati

Kwanza tazama nguzo. Mara nyingi kamba ya mgongo haina tatizo, ila nguzo mbili zimeinamiana. Kila nguzo iwe na kamba yake ya kwenda nje, na kigingi kiwe umbali usiopungua urefu wa nguzo. Nguzo ya mita moja na nusu yenye kigingi kilicho hatua moja tu kutoka shina lake haiwezi kusimama wima.

Pili, namna ya kukaza. Mkono mtupu hauwezi kuinyoosha kamba ya mita nne. Tumia fundo ambalo utingo hutumia kufunga mzigo kwenye lori: tengeneza kitanzi kwenye kamba, karibu nusu mita kabla ya mti, zungusha ncha kwenye mti, irudishe ipite ndani ya kitanzi, vuta kuelekea kwenye mti, bana kwa vidole, funga. Kamba inajivuta yenyewe kama kwenye kapi.

Lakini usitafute mstari ulionyooka kabisa. Kamba inayobeba kitu lazima ibonyee, na kadiri unavyolazimisha isibonyee ndivyo mzigo wa kwenye vigingi unavyopanda. Chukua kamba ya mita 4 yenye mzigo wa kilo 10 katikati. Ikibonyea sentimita 35, kila ncha inavutwa kwa karibu kilo 29. Ikibonyea sentimita 17, ncha inavutwa kwa karibu kilo 59. Turubai jepesi lenyewe lina uzito mdogo, lakini upepo na maji vinaweza kuleta kilo 10 kwa dakika moja. Kubonyea kwa sentimita chache kuache kama kulivyo.

Njia bora kuliko kukaza zaidi ni kutenganisha kazi mbili. Pitisha kamba ya mgongo chini ya turubai kutoka mti hadi mti, kisha kila ncha ya turubai ishikwe na kitanzi cha kamba nyembamba kilichozungushwa mara tatu kwenye kamba kuu. Kitanzi hicho kinasukumika kwa mkono, lakini kikivutwa na turubai kinang'ata. Kamba kuu inabeba, vitanzi vinawamba.

Kuhusu miti: usifunge turubai kwenye mnazi wala kulala chini yake. Mnazi huyumba na kulegeza kamba usiku kucha, na nazi inayoanguka inaua. Mkorosho ni imara kwenye shina, lakini ni mali ya mtu; zungushia gunia kabla ya kamba, na misumari iache nyumbani.

Vigingi vinang'oka

Tatizo hili lina sura tofauti kila unapohamia. Jambo la kwanza kukagua ni lilelile kila mahali: kichwa cha kigingi kiinamie mbali na turubai, na kamba ifungwe usawa wa ardhi. Kamba iliyofungwa juu, kiganja kimoja kutoka ardhini, inageuza kigingi kuwa mtaimbo wa kujing'olea.

Kwenye mchanga wa pwani, kigingi chembamba hakifai hata kikiwa kirefu. Jaza mchanga kwenye kiroba, kifunge kamba kiunoni, chimba shimo la nusu mita kwenda chini na ukilaze kikatishe mwelekeo wa kamba. Kabla ya kufukia, chimba mfereji mwembamba ili kamba itoke kwa mteremko kuelekea turubai. Watu wengi huuacha mfereji huo, kamba inapanda wima na kunyanyua kiroba chote. Fukia, mwagia ndoo ya maji, kanyaga. Mchanga wenye unyevu hushikana kuliko mkavu. Badala ya kiroba unaweza kuzika kipande cha gogo chenye urefu wa mkono hadi kiwiko.

Kwenye udongo wa kichanga wa Newala na nyanda za juu za Wamakonde, kigingi cha mbao kipana chenye urefu wa sentimita 40 kinatosha kwa hali ya kawaida. Udongo mweusi wa mabondeni unadanganya: ukiwa mkavu unakataa kigingi au unakipokea kwenye ufa, na ukilowa unakiachia. Hapo piga vigingi viwili mstari mmoja na kamba, kichwa cha mbele kifungwe kwenye shina la nyuma.

Juu ya mwamba wa matumbawe usijaribu kupigilia. Funga kamba kwenye kijiti kifupi, kilaze chini, weka jiwe kubwa mbele yake upande wa turubai, kamba ipite chini ya jiwe. Kila saa chache kagua mahali kamba inapogusa mwamba, kwa sababu matumbawe hukata kamba.

Na tafadhali, vigingi na fito zisitoke kwenye mikoko. Mikoko imehifadhiwa, kuikata bila kibali ni kosa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, uliza kwa wahifadhi kabla hata ya kupiga kambi.

Maji yanatuama juu

Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 5 ni lita 50, yaani kilo 50, sawa na mfuko mzima wa saruji ukining'inia juu ya kichwa chako. Usilisukume kwa kijiti kutoka chini, ncha inatoboa. Nyanyua kwa viganja vyote viwili, maji yakimbilie ukingoni.

Sababu kubwa ni teremko dogo. Kwa kila mita moja ya upana, turubai lishuke angalau nusu mita. Kama unataka nafasi ya kukaa na huwezi kulishusha lote, shusha pembe moja tu chini ya nyingine zote, maji yapate njia moja, na weka ndoo hapo. Sababu nyingine ni katikati ya ukingo kukosa kamba, na wakati mwingine ni ulegevu wa nailoni niliokwisha kuueleza.

Linapigapiga na kunguruma

Kabla ya kukaza chochote, uliza upepo uko wapi. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Septemba, kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na katikati yake kuna tangambili ambapo upepo hugeuka bila taarifa. Msimu wa korosho unaangukia sana humo, ndiyo maana turubai lililokaa vizuri wiki nzima linaanza kelele ghafla. Ufukweni, ongeza kwamba mchana upepo hutoka baharini na usiku hutoka nchi kavu.

Ukingo wa chini uelekee upepo, ushuke hadi usawa wa goti au ugusane na ardhi. Mwanya mpana uwe upande wa pili. Kisha ongeza kamba katikati ya kila ukingo. Turubai la mita 3 lililoshikwa pembe nne tu litapigapiga hata likazwe vipi. Bado lina kelele? Punguza urefu wa nguzo hadi kiunoni.

Kelele ikibaki kwenye kingo pekee huku katikati kumetulia, fundi anaweza kukata ukingo kwa upinde mdogo unaoingia ndani na kuupinda upya. Ukingo wa namna hiyo hukaza wote ukivutwa pembeni. Usikate mwenyewe kwa kukisia, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Ringi imeng'oka

Usitoboe tundu jipya. Chukua kokoto laini la mviringo, liweke upande wa ndani wa kitambaa karibu na ringi iliyoharibika, lifunike kwa kitambaa na ufunge kamba shingoni mwake kwa nje. Mshiko huu mara nyingi ni imara kuliko ringi yenyewe. Korosho yenye ganda ina ukubwa unaofaa na wako wanaoijaribu, lakini ganda lina mafuta yanayounguza ngozi, kokoto linatosha.

Plastiki ya bluu iliyokaa juani muda mrefu ijaribu kwa kucha. Ikunje, sugua mkunjo. Ikitoa unga au nyuzi zikikatika, hakuna fundi wa kuiponya. Itandike chini. Nailoni iliyochanika hadi kwenye mshono ipelekwe kwa fundi aweke kiraka pande zote mbili na kuziba matundu ya sindano.

Mahali pa kuacha

Nyaya za umeme zikipita juu au karibu, hama. Usinyanyue nguzo ya chuma wala fito mbichi chini yake, na waya ukiwa umeanguka au umegusa turubai, usiliguse turubai. Wazuie watu wasisogee na piga simu TANESCO au Zimamoto kwa 114.

Radi ikianza kusikika, turubai si kinga. Ondoka, hasa kama umefunga kwenye mti ulio peke yake, uingie kwenye nyumba au ndani ya gari.

Usiku wa baridi usifunge kingo zote chini huku jiko la mkaa likiwaka ndani. Moshi usioonekana wa mkaa hulaza watu wasiamke, na nailoni hushika moto upesi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali au kimbunga, usikaze turubai, lishushe. Pwani hii imewahi kutikiswa: Kenneth Aprili 2019, kilichotua Msumbiji jirani tu na Mtwara, na Hidaya Mei 2024. Kama upepo umekwisha kuanza, fungua kamba za upande usio na upepo kwanza, laza nguzo, kaa juu ya kitambaa kinaposhuka, na vigingi vya upande wa upepo viwe vya mwisho kabisa. Ukianza na vigingi hivyo, turubai litajaa upepo na kuondoka na nguzo zake.